Kauli ya Kutenda: Mbio Ndefu na Mwili Ulioumwa

Mhadhara uliotolewa Moshi mbele ya walimu, wahudumu wa afya na wanachama wa vikundi vya mbio

   Nyote kwa jumla, poleni na safari, na poleni na kazi za wiki nzima.

Neno hilo, pole, naomba mlishike. Nitalirudia kabla sijashuka jukwaani.

Nawashukuru walionialika. Waliniomba nizungumze juu ya faida za mazoezi kwa jumla. Niliwaomba wanikubalie nipunguze mada, kwa sababu faida za mazoezi kwa mtu mzima wa afya zimeelezwa sana, ila mtu aliyetoka wodini jana husahauliwa. Huyo ndiye ninayekuja kumsemea leo.

Lengo la mhadhara huu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba mbio ndefu, zikianzwa kwa kipimo na kwa kibali cha daktari, humrudishia mtu aliyeugua sana kitu ambacho dawa peke yake haimrudishii: mamlaka juu ya mwili wake. Sisemi kwamba mbio zinaponya saratani. Mtu akikuuzia maneno hayo, mkimbie. Nasema kwamba kati ya kupona na kuishi kuna safari, na safari hiyo mara nyingi tunamwacha mgonjwa aitembee peke yake, gizani.

Nifundisheje jambo nisilolijua? Nimefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka ishirini na sita. Katika mwaka wa kumi na tisa niligundulika nina saratani ya titi. Nilipasuliwa, nikawekewa dripu za kemo mizunguko sita, kisha nikapigwa mionzi kwa wiki tano. Tangu hapo nimemaliza nusu marathoni mara nne. Sitafuti makofi. Nataka tu mjue kwamba ninayoyaeleza nimeyapitia kwa miguu yangu.

Nina hoja sita.

Hoja ya kwanza: kitanda nacho kina gharama

Kwetu mtu akiugua, neno la kwanza analoambiwa ni "pumzika". Akishika ufagio, shemeji anamnyang'anya. Akitaka kwenda dukani, mtoto anatumwa. Hayo ni mapenzi, na siku za homa kali na kidonda kibichi ni mapenzi yaliyo sahihi. Tatizo ni pale siku zinapogeuka wiki, na wiki zinapogeuka miezi, na hakuna mtu mwenye ujasiri wa kumwambia mgonjwa ainuke.

Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, watafiti waliwachukua vijana watano wenye afya njema, wa umri wa miaka ishirini hivi, wakawalaza kitandani wiki tatu. Hawakuwa na ugonjwa wowote. Walilala tu. Walipoinuka, uwezo wa juu kabisa wa miili yao kutumia oksijeni ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Miaka thelathini baadaye watafiti waliwatafuta watu walewale watano, sasa wakiwa na miaka hamsini, wakawapima tena. Ikaonekana kwamba zile wiki tatu za kitanda ziliushusha uwezo wao wa kufanya kazi kuliko miaka thelathini ya kuzeeka.

Tafadhali lipimeni hilo kwa utulivu. Wiki tatu, kwa kijana mzima. Sasa mchukueni mama wa miaka hamsini na miwili, aliyepungukiwa damu, anayetapika, anayelazwa na kuruhusiwa na kulazwa tena kwa miezi minane. Sehemu ya udhaifu tunaouona kwake haikuletwa na saratani, wala haikuletwa na dawa. Imeletwa na godoro.

Madaktari wenyewe walipitia somo hili kwa upande wa moyo. Hadi katikati ya karne iliyopita, aliyepata mshtuko wa moyo alilazwa chali kwa wiki nyingi, akilishwa kwa kijiko. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Boston, Samuel Levine na Bernard Lown, walieleza habari za wagonjwa waliotolewa kitandani mapema na kukalishwa kwenye kiti. Kiti tu, na wengi walishtuka. Miaka ishirini na mmoja baadaye, mwaka 1973, daktari wa Toronto aitwaye Terence Kavanagh alipeleka kundi dogo la wagonjwa wake, watu waliokwisha kupata mshtuko wa moyo, wakakimbia marathoni ya Boston. Kutoka kijiko hadi kilomita 42, ndani ya kizazi kimoja. Moyo wa binadamu haukubadilika katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni kile tulichoamini kuhusu mgonjwa.

Hoja ya pili: mazoezi ni sehemu ya tiba, si pambo lake

Kwa miaka mingi tulisema mazoezi yanasaidia "kujisikia vizuri". Sasa tunaweza kusema zaidi ya hapo.

Mwezi Juni 2025 yalitangazwa matokeo ya utafiti uitwao CHALLENGE, uliofanyika zaidi Kanada na Australia. Wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, waliokwisha kupasuliwa na kumaliza dawa za kemo, waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa vijitabu vya ushauri wa afya. Kundi la pili lilipewa vijitabu hivyohivyo, pamoja na mwalimu wa mazoezi wa kuwafuatilia kwa miaka mitatu. Baada ya miaka mitano, waliokuwa hai bila saratani kurudi walikuwa asilimia 80.3 katika kundi lenye mwalimu, na asilimia 73.9 katika kundi la vijitabu. Baada ya miaka minane, waliokuwa hai walikuwa asilimia 90.3 dhidi ya 83.2.

Asilimia ni kitu kikavu, kwa hiyo nizigeuze ziwe watu. Tofauti ya asilimia saba ni sawa na mtu mmoja katika kila kumi na wanne. Safu mbili za kwanza za viti hapa mbele zina watu kumi na wanne. Nimewahesabu nilipokuwa nakaribishwa. Mmoja wenu hapo yuko hai kwa sababu alikuwa na mtu wa kumuuliza, "Mama, wiki hii umetembea?"

Walitakiwa kufanya nini? Kutembea haraka dakika 45 hadi 60 mara tatu au nne kwa wiki, au kukimbia polepole dakika 25 hadi 30, mara hizohizo. Hakuna mashine ya gharama hapo. Barabara ya vumbi na mtu wa kukukumbusha vinatosha.

Lazima niwe mkweli kwa pande zote mbili. Utafiti huo ulihusu saratani ya aina moja, na nisizivishe saratani nyingine nguo yake. Tena, waliofanya mazoezi walipata maumivu ya misuli na viungo kwa wingi zaidi: asilimia 18.5 dhidi ya 11.5. Dawa hii nayo ina madhara yake, kama dawa zote, na ndiyo maana nitakuja kwenye hoja ya tano.

Kuna jambo jingine ambalo kila aliyepita kwenye kemo analijua, nalo ni uchovu. Huu si uchovu wa shamba. Mtu aliyelima akilala, anaamka na nguvu. Mwenye uchovu wa saratani akilala kwa saa kumi, anaamka amechoka kuliko alivyolala. Kwa uchovu wa namna hiyo, kulala zaidi ni kumwaga maji kwenye pakacha. Mwongozo wa wataalamu wa mazoezi na saratani uliotolewa mwaka 2019 unapendekeza mazoezi ya pumzi ya nusu saa mara tatu kwa wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli mara mbili. Naona wauguzi mliokaa nyuma mnatikisa vichwa. Mnawajua wagonjwa wangapi walioandikiwa maneno hayo kwenye karatasi ya kuruhusiwa?

Hoja ya tatu: ugonjwa ni kauli ya kutendwa

Hapa naomba niwe mwalimu wa sarufi kwa dakika chache.

Vitenzi vyetu vina kauli. Kupiga ni kauli ya kutenda. Kupigwa ni kauli ya kutendwa. Sasa sikilizeni maisha ya mgonjwa: amepimwa, amelazwa, amechomwa sindano, amewekewa dripu, amepasuliwa, ameogeshwa, amelishwa, ameombewa, ameruhusiwa. Hata neno lenyewe tunalotumia kila siku, naumwa, liko katika kauli ya kutendwa. Kwa miezi nisiyotaka kuihesabu sikuwa mtenda wa kitenzi hata kimoja. Watu wema walinitendea mema, na bado kila jioni nilihisi kwamba mimi nimekuwa kitu kinachosogezwa.

Katika mzunguko wa tatu wa kemo, nililazwa kwa sababu damu ilikuwa imeshuka. Kutoka kitanda changu hadi kwenye bomba la maji mwishoni mwa korido palikuwa na madirisha tisa. Siku ya nne daktari aliniruhusu kushuka kitandani. Nilishika stendi ya dripu, ambayo gurudumu lake moja lilikuwa limekwama na kulalamika kila likiburutwa, nikaenda hadi dirisha la pili. Nikasimama, nikashika nondo za dirisha, nikarudi. Muuguzi wa zamu, binti wa umri wa wanafunzi wangu, alikuwa anaandika mezani. Hakuinuka kunishika. Aliniangalia tu, akaandika, akaniangalia tena. Kesho yake nilifika dirisha la nne. Siku ya kuondoka nilifika kwenye bomba, nikafungua maji, nikanawa uso mwenyewe.

Nilikwenda bombani. Sikupelekwa. Hicho ndicho kitenzi changu cha kwanza baada ya miezi mitano, na mpaka leo namshukuru yule binti kwa kubaki amekaa.

Kukimbia kulikuja baadaye sana, karibu mwaka mzima, na kulianza kwa hatua thelathini nyuma ya shule, kati ya goli na mwembe, saa kumi na moja na nusu alfajiri ili nisionekane. Nyayo zilikuwa na ganzi iliyoachwa na dawa. Nilikuwa nakanyaga ardhi kama mtu anayekanyaga godoro la sufi. Ilinibidi kutazama chini kujua mguu umefika. Moyo ulinipiga masikioni. Niliposhika mti nilijisikia naumia, na kwa mara ya kwanza yalikuwa maumivu niliyoyataka, ambayo ningeweza kuyasimamisha muda wowote kwa kusimama.

Hapo ndipo penye nguvu ya mbio kwa mgonjwa. Maumivu ya ugonjwa huja bila hodi na huondoka yanapotaka. Maumivu ya mbio unayaita mwenyewe, unayapimia, unayaaga. Mwili uliokuwa uwanja wa vita vya wengine unaanza tena kukusikiliza.

Kiswahili kina jambo lingine la kutufundisha. Kukimbia kuna maana mbili: kwenda mbio, na kutoroka. Ndugu zangu wengine waliponiona barabarani walidhani nautoroka ugonjwa, kana kwamba nikisimama utanikamata. Waongezee kitenzi hicho silabi, kiwe kukimbilia. Sikuwa nakimbia saratani. Nilikuwa nakimbilia asubuhi, nakimbilia darasa langu la kidato cha pili, nakimbilia mtu niliyekuwa kabla, ili nimwone kama bado yupo. Hakuwepo yule yule, lakini alikuwepo mtu.

Hoja ya nne: masafa marefu hufundisha kugawa

Kwa nini mbio ndefu, na si mchezo mwingine? Kwa sababu ugonjwa mkubwa ni wa masafa marefu. Haushindwi kwa mruko mmoja. Anayezianza kilomita 21 kwa kuziwaza zote ishirini na moja huishiwa nguvu kabla ya kilomita ya tano. Mkimbiaji hujifunza kugawa: hadi daraja lile, hadi kwenye kibao, hadi kwa yule muuza ndizi. Mgonjwa wa mizunguko sita ya kemo anahitaji hesabu hiyohiyo.

Mfano mkubwa wa hesabu hii ni kijana wa Kanada, Terry Fox. Alizaliwa mwaka 1958 na alipenda mpira wa kikapu. Machi 1977, akiwa na miaka 18, aligundulika ana saratani ya mfupa, na mguu wake wa kulia ukakatwa juu ya goti. Usiku wa kuamkia upasuaji, kocha wake wa zamani alimletea gazeti lenye habari za Dick Traum, mtu wa mguu mmoja aliyekuwa amekimbia marathoni ya New York mwaka 1976. Kisha kijana akaingia kwenye dawa za kemo kwa miezi kumi na sita. Wodini aliwaona vijana na watoto wakifa. Akaapa kwamba atakimbia kuvuka nchi yake yote, kutoka bahari hadi bahari, kuchangisha fedha za utafiti wa saratani.

Hakuanza na nchi. Alianza na mwendo mfupi usiofika kilomita moja, gizani, kwa mguu wa bandia ambao haukutengenezwa kwa ajili ya mbio. Aliongeza kidogo kidogo, siku 101 mfululizo, na siku aliyopumzika ilikuwa Krismasi, kwa sababu mama yake alimwomba. Aprili 12, 1980, alichovya mguu wa bandia kwenye Bahari ya Atlantiki huko St. John's, akaanza. Kila siku alikimbia takriban marathoni moja, kilomita 42, kwenye mvua, theluji na joto, kigutu cha mguu kikichubuka na kutoka damu. Rafiki yake Doug Alward aliendesha gari la kumsindikiza. Septemba 1, 1980, karibu na mji wa Thunder Bay, baada ya siku 143 na kilomita 5,373, maumivu ya kifua yalimsimamisha. Saratani ilikuwa imefika kwenye mapafu. Alifariki Juni 28, 1981, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 23.

Ukumbi umenyamaza, na ni haki. Habari hii si ya ushindi kwa maana ya kawaida. Mbio hazikumponya Terry Fox. Tena yeye mwenyewe hakuwa mwangalifu wa kurudi kwa madaktari wakati wa safari ile, na sitawaficha jambo hilo kwa sababu nampenda. Lakini pimeni alichofanya na siku zake. Alilenga dola moja kwa kila Mkanada, na kufikia Februari 1981, akiwa bado hai, zaidi ya dola milioni 24 zilikuwa zimechangwa, sawa na idadi ya watu wa nchi yake wakati huo. Mbio za kumkumbuka zilianza Septemba 1981 na zinaendelea kila mwaka katika nchi nyingi. Fedha zilizopatikana hadi leo zimevuka dola milioni 800 za Kanada. Saratani iliamua siku yake ya mwisho. Zile siku 143 aliziamua yeye.

Hoja ya tano: ujasiri wa mgonjwa una mipaka yake

Sisi Waafrika Mashariki tuna mifano mikubwa ya uvumilivu, na mifano hiyo inaweza kumponza mgonjwa.

Oktoba 1968, mjini Mexico, Kipchoge Keino wa Kenya alikimbia akiwa na ugonjwa wa kibofu cha nyongo. Katika mita 10,000 maumivu yalimwangusha nje ya njia zikiwa zimebaki raundi chache. Madaktari walimkataza kuendelea. Siku nne baadaye alipata medali ya fedha katika mita 5,000, na Oktoba 20 akashinda dhahabu ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 34.91. Siku hiyohiyo, katika mji huohuo, John Stephen Akhwari wetu wa Mbulu alianguka katika marathoni, akaumia goti, akaendelea na bandeji mguuni hadi akaingia uwanjani usiku, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia.

Tunawaheshimu wote wawili. Lakini mgonjwa aliyetoka wodini asiwaige katika kukaidi maumivu. Wao walikuwa na miili iliyojengwa kwa miaka mingi. Wewe unaujenga wako upya kutoka kwenye msingi. Kwa Akhwari chukua jambo moja: kwamba anayefika mwisho amefika. Mengine waachie wao.

Kwa mgonjwa, ujasiri mara nyingi ni kusimama. Naomba anayeandika aandike haya. Usianze kabla daktari wako hajasema ndiyo, na mwambie wazi kwamba unataka kukimbia, usiseme tu "mazoezi". Ukiwa na homa, usikimbie. Damu ikiwa chini, usikimbie. Kama chembe za kugandisha damu zimeshuka, jiepushe na lolote linaloweza kukuangusha. Kama ulipewa ile dawa nyekundu ya kemo, ambayo kwa baadhi ya watu hudhoofisha moyo, uliza kama moyo wako umepimwa. Kama saratani imefika kwenye mifupa, daktari aseme mfupa upi usibebeshwe uzito. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, pumzi inayokata ghafla, mkono unaovimba upande uliopasuliwa: simama, rudi kliniki. Kama miguu ina ganzi, chagua njia tambarare na mwanga wa kutosha, na ukifika nyumbani vua viatu ukague nyayo kwa macho, maana kidonda usichokisikia ndicho kinachokula.

Kipimo cha mwendo ni rahisi na ni bure. Ukimbie huku unaweza kuongea. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Mwalimu wa Kiswahili anawaambia: sentensi nzima, yenye kiima na kiarifu.

Hoja ya sita: hakuna anayekimbia peke yake

Fred Lebow, mzaliwa wa Romania, ndiye aliyeijenga marathoni ya New York ikawa mbio kubwa ya mitaani. Kwa miaka alikuwa mratibu, akisimama kwenye mstari wa mwisho kuwapokea wengine. Mwaka 1990 aligundulika ana saratani ya ubongo. Mwaka 1992, akiwa na miaka sitini, aliikimbia marathoni yake mwenyewe kwa saa 5, dakika 32 na sekunde 35. Aliyekimbia bega kwa bega naye alikuwa Grete Waitz wa Norway, mwanamke aliyewahi kushinda mbio hizo mara tisa. Waitz alizoea kumaliza kwa saa mbili na nusu hivi. Siku hiyo alikaa barabarani zaidi ya mara mbili ya muda huo, kwa hatua za mgonjwa, na walipofika mwisho wote wawili walilia. Lebow alifariki Oktoba 1994. Mwaka 2005 Waitz naye aligundulika ana saratani. Akashiriki kuanzisha taasisi ya kuhimiza mazoezi kwa wagonjwa wa saratani huko Norway, na akafariki Aprili 2011. Aliyemsindikiza mgonjwa alijifunza njia ambayo angekuja kuipita mwenyewe.

Sisi tunahitaji kwenda New York kutafuta jambo hili? Nani hapa hakukimbia mchakamchaka shuleni? Alfajiri, vumbi, mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, na anayechoka anabebwa na sauti za wenzake. Vikundi vya mbio za pole vya Dar es Salaam, vya hapa Moshi, vya Arusha, vimeurithi utaratibu huo. Tunao tayari. Kilichokosekana ni nafasi ya mgonjwa katika safu.

Na mgonjwa hajitokezi, kwa sababu anajificha. Mimi nilijificha alfajiri nyuma ya shule. Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na bado tunaficha, kwa sababu saratani kwetu inasemwa kwa kunong'ona, kama habari ya msiba. Mgonjwa akijitokeza barabarani kwa viatu na kilemba, analitoa lile jina gizani. Hakuna bango la afya linaloweza kusema kwa sauti kubwa kama mwili wake.

Sasa nirudi kwenye neno nililowaomba mlishike.

Kwa mwaka mzima kila aliyeniona aliniambia pole. Pole mwalimu. Pole mama, Mungu atakusaidia. Lilikuwa neno jema na lilinichosha, kwa sababu kila mara lilinikumbusha mimi ni nani sasa. Katika nusu marathoni yangu ya kwanza, kwenye barabara inayopanda kuelekea Mweka, nilikuwa nimebaki nyuma, natembea zaidi ya kukimbia, nimejifunga kitambaa kichwani kilicholowa jasho. Kando ya barabara mama mmoja alikuwa anapanga mafungu ya ndizi juu ya gunia. Hanijui, simjui. Aliinua uso akasema, "Pole na kazi, mama. Jikaze, kilima kinaisha hapo juu."

Pole na kazi. Tunalo neno moja kwa anayeumwa na kwa anayefanya kazi. Siku hiyo, kwenye kilima kile, neno langu lilihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Nilimjibu, "Nimeshapoa," nikaendelea kupanda. Medali niliyopewa chini iko kabatini. Jibu lile ndilo ninalolibeba.

Kutoka hapa tunakwenda wapi

Mheshimiwa mwenyekiti, sitaki mhadhara huu uishie kwenye makofi. Nina maombi matatu.

Kwa madaktari na wauguzi: kwenye karatasi ya kuruhusiwa, chini ya orodha ya vidonge, andikeni mstari mmoja zaidi. Dakika ngapi, mara ngapi kwa wiki, na dalili zipi za kusimama. Mgonjwa wetu huheshimu kilichoandikwa kwa mkono wa daktari. Akiambiwa kwa mdomo "fanya mazoezi", anasikia salamu. Akiandikiwa, anasikia tiba.

Kwa vikundi vya mbio: anzisheni safu ya nyuma. Iwe na kiongozi wake, tena awe mkimbiaji wenu hodari, ili kukaa nyuma kusionekane ni kushindwa. Safu hiyo itembee. Anayetaka kukimbia nguzo moja ya umeme akimbie, anayetaka kurudi arudi, na asiulizwe na mtu.

Kwa ninyi mnaouguza: mgonjwa wako akiruhusiwa na daktari na akainuka mwenyewe kwenda bombani, kaa. Macho yako yawe kwake, mikono yako ibaki mapajani.

Na kwako wewe unayeumwa, uliyekuja hapa leo ukakaa karibu na mlango ili uweze kutoka bila kuonekana. Nimekuona, kwa sababu mahali hapo ndipo nilipokuwa nakaa. Sikuahidi kupona, ahadi hiyo haiko mikononi mwangu. Nakuahidi mwenzako wa njia. Jumamosi hii, saa kumi na mbili asubuhi, nitakuwa kwenye uwanja wa shule yetu, kati ya goli na mwembe. Njoo na kibali cha daktari wako na viatu ulivyonavyo. Tutaanza kwa kutembea.